Fuata Dumu, Usimfuate Mtoto: Mwongozo wa Kuzuia Pombe Isiwafikie Watoto Kijijini na Mtaani

Mwezi wa pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala mabondeni huku Kilolo. Mtoto wa darasa la tano anapanda njia ya kutoka kwenye mianzi ya babu yake, sare ya shule mwilini, dumu la lita tano mkononi. Analipeleka kilabuni kabla ya kengele ya namba. Akifika kwenye kona yenye mparachichi analitua, anafungua kifuniko, anapiga mafunda mawili matatu, anafuta mdomo kwa mkono wa sweta, anaendelea.

Nilimkuta hapo hapo kwenye kona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekunywa, mjukuu wangu?"

"Bibi, ni togwa tu."

Hakuwa anadanganya. Nyumbani kwao ndivyo walivyomwambia, na ulanzi, ile pombe ya maji ya mwanzi, ukigemwa alfajiri una utamu wa togwa kweli. Lakini lile dumu lilikuwa na mabaki ya jana, na ulanzi wa jana si togwa.

Kwa miaka sita nimekaa kwenye kamati ya shule ya kijiji chetu, na kwa muda mrefu tulihangaika na mtoto: tunamwita, tunamsema, tunamchapa, tunamwandikia mzazi barua. Hakuna kilichobadilika mpaka tulipoanza kufuata dumu. Nani ameligema, nani amelijaza, nani amemtwika nani, nani amelipokea bila kuuliza? Mtoto anayelewa kwa kawaida yuko mwisho wa mnyororo wenye watu wazima wanne au watano, kila mmoja akijiona hana kosa. Mwongozo huu unaufuata mnyororo huo kutoka juu. Umeandikwa kwa kijiji cha ulanzi, lakini aliye Mbalizi, Uyole au Tunduma ataona mahali pa kubadilisha.

Kwanza: tazama mwezi mzima kabla ya kusema neno

Tafuta watu watano. Wasiwe wote viongozi. Mwalimu mmoja, mama mmoja anayeuza au aliyewahi kuuza pombe (huyu ni wa lazima, nitaeleza kwa nini), mzee mwenye mianzi, kijana wa bodaboda, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nunueni daftari moja la mistari, mchore ramani ya kijiji kwenye kurasa mbili za katikati: njia, shule, bomba, vilabu, magenge, maduka, vijiwe, nyumba wanazopanga wanafunzi.

Kisha kila mmoja atembee njia zake za kawaida na kuandika vitu vitatu tu: mahali, saa, na nani alikuwa na pombe mkononi. Majina ya watoto msiandike. Daftari likipotea na kuokotwa na mtu mwenye mdomo, umeshamharibia mtoto wa mwenzio.

Sisi tulidhani tatizo liko kilabuni usiku. Daftari lilituonyesha vingine. Saa mbaya zilikuwa mbili: asubuhi kabla ya shule, wakati wa kupeleka ulanzi, na saa kumi jioni mpaka giza, watoto wametoka shule na wazazi bado wako shambani. Usiku watoto wengi walikuwa wamelala.

Andikeni pia majira. Huku nyanda za juu pombe ina kalenda yake. Masika ni ulanzi, kwa sababu chipukizi la mwanzi hutoa maji mvua ikinyesha. Mahindi yakishavunwa, komoni, pombe ya mahindi, inajaa na watu wana fedha. Mwezi wa tisa na wa kumi kuna mahafali ya darasa la saba. Desemba kuna Krismasi, vipaimara na harusi, na ndugu wanarudi kutoka Dar na makreti ya bia. Ukijua kalenda, hutatumia nguvu mwezi ambao hakuna cha kuzuia.

Ijue pombe unayoizuia

Wengi huzungumzia "pombe" kama kitu kimoja. Mtoto anajua tofauti kuliko wewe.

Ulanzi ndio mgumu kuliko zote kwa sababu hauna mpaka. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi, anatundika mbeta, chombo cha kukingia maji, chini ya jeraha, na asubuhi na jioni anarudi kukata tena kipande chembamba ili maji yaendelee kutoka. Hamira hatii mtu. Chachu iko hewani na imejaa ndani ya mbeta iliyotumika msimu mzima, kwa hiyo maji yanaanza kuchacha tangu tone la kwanza. Yakinywewa mapema ni matamu na kileo ni kidogo, na hapo ndipo watu wanasema togwa. Yakikaa siku nzima, utamu umepungua na kileo kimepanda. Yakilala tena ni mkangafu, na mkangafu humwangusha mwanaume mwenye misuli ya kupakia mbao Mafinga. Anayebeba dumu hana kipimo, na ulimi wa mtoto hauwezi kumwambia leo limefika wapi. Ndiyo maana kanuni ya "mpe togwa, usimpe mkangafu" haifanyi kazi. Kanuni inayofanya kazi ni hii: maji ya mwanzi yakishaingia kwenye chombo cha kuuzia, si ya mtoto. Ukitaka kumpa mjukuu, mpe pale pale kwenye mwanzi, kwenye kikombe kilichooshwa kwa maji ya moto. Mimi binafsi nimeacha hata hilo, maana sioni faida ya kumzoesha ladha.

Komoni ni ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi, nzito, inashibisha. Hapo ndipo hatari yake kwa mtoto: inachukua nafasi ya chakula. Mtoto mwenye njaa akipewa nusu lita ya komoni hatalia njaa tena mpaka jioni, na mtu mzima aliyempa atajiona amemsaidia.

Gongo, pombe kali inayopikwa kienyeji, ni jambo jingine kabisa. Ni haramu kwa mkubwa na mdogo, nguvu yake haijulikani, na ikipikwa vibaya au ikichanganywa huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Kwa gongo hakuna makubaliano na muuzaji, ni polisi.

Halafu kuna pombe kali za dukani. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku nchini tangu Machi 1, 2017, na kweli vile vya kuficha kwenye soksi vilipungua. Lakini chupa ndogo zilichukua nafasi, na zinaingia mfuko wa koti la shule bila shida. Mjini, kuanzia Mwanjelwa mpaka stendi za mabasi, hizi ndizo za kutazama. Vijana huzichanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu, na mchanganyiko huo ni mbaya kwa sababu unamfanya aliyelewa ajione hajalewa, akaongeza.

Anza na nyumba yako mwenyewe

Hapa ndipo mikutano mingi hukwama, kwa kuwa kila mtu anakuja kuzungumzia nyumba ya jirani.

Acha kumtuma mtoto pombe. Hili moja, likifanywa na nyumba zote za kitongoji, hukata zaidi ya nusu ya njia tulizozikuta kwenye daftari letu. Wazee watanuna. Babu amezoea kumwita mjukuu na kumpa sarafu na kikombe. Usimjibu kwa ukali, mpe njia nyingine: kijana mkubwa wa nyumba aende, au muuzaji amletee, au mzee atembee mwenyewe, ambalo hata kwa magoti yake ni zuri. Mzee mmoja kitongojini kwetu aliniambia, "Sasa nyie mnataka nife kiu?" Nikamwambia, "Hapana baba, nataka uende mwenyewe, ukanywe na wenzio, urudi na habari." Alicheka. Anaenda mwenyewe mpaka leo.

Acha kuonjesha. Kuna wazazi wanaamini mtoto akionjeshwa nyumbani hatakuwa na tamaa nje. Tafiti zimeonyesha kinyume: kadiri mtu anavyoanza kunywa mapema, hasa kabla ya miaka 15, ndivyo uwezekano wa kuwa mtegemezi wa pombe ukubwani unavyopanda. Ubongo bado unajengwa mpaka katikati ya miaka ya ishirini, na sehemu inayochelewa kukomaa ndiyo ya kujizuia na kupima hatari.

Maji ya mwanzi na komoni visikae chumba wanacholala watoto. Najua nyumba zetu, chumba ni kimoja na jiko ni moja. Hata kufunga kifuniko kwa kamba na kutundika juu ni kitu.

Kuzungumza na mtoto kunataka kufuata umri wake. Wa miaka sita mwambie tu kwamba hicho ni cha wakubwa na kitamuumiza tumbo na kichwa. Wa miaka kumi mpe maneno ya kukataa anayoweza kuyasema mbele ya mtu mzima bila kuonekana hana adabu. Hili ni la muhimu kwetu, kwa sababu mtoto wa huku amefundishwa kutokataa akitumwa na mkubwa. Tulizoea kuwafundisha hivi: "Samahani baba, mama amesema nikibeba pombe nitaulizwa." Lawama inahamia kwa mama, mtoto anabaki na heshima yake. Fanyeni mazoezi nyumbani kama mchezo, baba awe mlevi, mtoto akatae. Watacheka sana, ila maneno yatabaki.

Wa miaka kumi na tano humdanganyi. Yeye anajua baba anakunywa. Kama wewe unakunywa, sema unakunywa, sema kinakugharimu nini, na weka sheria yake waziwazi: hakuna pombe kabla ya miaka 18, na ukikwama mahali, marafiki wamelewa, piga simu saa yoyote nitakuja na siku hiyo sitagomba. Maneno ya mwisho hayo yatimizeni. Mtoto akipiga simu mara moja akatukanwa, hatapiga tena.

Mageto

Mageto ni vyumba wanavyopanga wanafunzi karibu na shule, na lazima niyape sehemu yake. Shule nyingi za sekondari za kata ziko mbali na vitongoji, na hosteli hazitoshi. Mzazi anampangia binti au kijana wa kidato cha pili chumba karibu na shule, anamwachia debe la unga, maharage na fedha ya mafuta, anarudi baada ya wiki mbili. Mtoto wa miaka kumi na tano anaishi peke yake, mlango una ufunguo wake, na jirani ni kilabu. Wasichana ndio wanaowindwa: anakuja mtu na chupa na chipsi, kinachofuata mnakijua.

Kama huwezi kuepuka geto, fanya haya. Pangisha nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi humo humo, ikiwezekana mama mtu mzima. Mpangishe na mwanafunzi mwenzake wa jinsia moja, asiwe peke yake. Andikianeni na mwenye nyumba karatasi, nakala moja kwa mwalimu wa malezi: hakuna pombe chumbani, mgeni wa kiume haingii kwa binti, mlango wa uani unafungwa saa moja na nusu, na mwenye nyumba ana ruhusa ya kukupigia. Mwongezee elfu mbili tatu kwenye kodi kwa kazi hiyo. Macho ya mtu ni kazi. Na wazazi wa kitongoji kimoja mpange zamu, kila wiki mmoja apande aende kuwaona watoto wote, abebe mboga za wote. Kwa zamu ya wazazi wanane, kila mmoja anakwenda mara moja katika miezi miwili, na watoto wanaonwa kila wiki.

Muuzaji si adui, isipokuwa wa gongo

Nianze na tulivyokosea. Mwaka wa kwanza tuliomba mgambo. Wakaja, wakamwaga mapipa mawili ya komoni ya mama mmoja mbele ya watoto wake, wakaondoka. Wiki iliyofuata alikuwa anauzia nyuma ya nyumba yake, usiku, bila taa, na waliokuwa wakimletea maji na kupeleka madumu ni wale wale watoto tuliotaka kuwalinda. Tulikuwa tumeihamisha pombe kutoka mahali tunapoiona kwenda mahali tusipoiona. Na yule mama alikuwa anasomesha watatu kwa pombe ile.

Ndiyo maana nilisema muuzaji awe ndani ya kamati. Mwendee kwake asubuhi wakati anakoroga, si jioni amezungukwa na wateja. Kaa kwenye kigoda, msalimie, "Kamwene," uliza habari za watoto, kisha mweleze mlichokiona. Tulikubaliana na wauzaji saba mambo manne:

1. Mtoto hauziwi, hata akisema ametumwa. Jibu ni moja: "Mwambie aliyekutuma aje mwenyewe."
2. Mtoto haingii kilabuni, hata kumfuata mzazi. Akija kumwita mama yake anasimama nje, anaitiwa.
3. Mtoto hahudumii, haoshi vikombe, halindi pipa, hata akiwa wa kwake.
4. Ulanzi haupokelewi kutoka mkononi mwa mtoto. Mgemaji alete mwenyewe.

La nne ndilo lililogeuza mambo. Dumu la asubuhi likirudishwa mara mbili tatu, babu anatafuta njia nyingine haraka sana.

Hoja ya muuzaji itakuwa: "Nisipomuuzia mimi, atakwenda kwa mwenzangu." Ana haki. Kwa hiyo makubaliano yafanywe na wauzaji wote siku moja, wote wakiwa wamekaa pamoja, na wao wenyewe ndio walindane. Muuzaji hugundua muuzaji mwenzake haraka kuliko mtendaji yeyote.

Watoto wa wauzaji wanahitaji mpango wao. Wao hulala kwenye kelele, wanafanya hesabu kwenye mwanga wa kilabu, na mara nyingine ndio wanaomalizia mabaki ya vikombe. Kijijini kwetu nyumba mbili za jirani zilikubali kuwapokea kuanzia jioni mpaka saa tatu usiku, wakasome na kula huko. Halikuhitaji fedha yoyote ila mtu wa kuuliza.

Sheria mnayo mkononi mkiihitaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumuuzia pombe, na inahesabu kazi za baa kuwa kazi hatarishi kwake. Kwa hiyo binti wa miaka 16 aliyechukuliwa kijijini "kuuza baa" Makambako au Tunduma amevunjiwa sheria tangu siku ya kwanza, hata kama hajaonja tone. Duka na baa zinafanya kazi kwa leseni ya vileo kutoka halmashauri, na barua ya malalamiko yenye tarehe na saa, iliyopitia kwa mtendaji wa kata, ina uzito wakati wa kuhuisha leseni.

Sheria ndogo: njia ni ndefu lakini inadumu

Makubaliano ya maneno hufa mwenyekiti akibadilika. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Njia yake ni hii: halmashauri ya kijiji inaandaa pendekezo, linapelekwa mkutano mkuu wa kijiji wananchi watoe maoni, linarudi halmashauri ya kijiji kupitishwa, kisha linapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mkutano mkuu ukishapiga makofi bado hamna sheria. Mkitoza faini kabla ya idhini ya wilaya, mtozwaji akienda mahakamani mtarudisha fedha na aibu juu.

Andikeni kwa ufupi. Vijiji vingi vinaandika kurasa sita zisizosomwa. Sisi tuliandika makatazo matano: kumuuzia mtoto, kumtuma mtoto, kumwajiri mtoto kilabuni, kufungua kilabu kabla ya saa iliyopangwa, na kuweka kilabu kipya karibu na shule. Umbali pimeni kwa hatua na mwandike kwa mita, maana neno "karibu" halishtaki mtu. Mwombeni mwanasheria wa halmashauri apitie rasimu mapema, lugha isije ikagongana na sheria kubwa.

Mjini hali ni tofauti. Mtaa hautungi sheria ndogo. Zipo za jiji au manispaa. Kwa hiyo mkiwa Mbeya mjini au Iringa mjini, kazi yenu ni kuitafuta sheria ndogo iliyopo, kuinakili, kuibandika kwenye ofisi ya mtaa, na kumbana diwani na mtendaji itekelezwe. Na polisi kata mjuaneni naye kabla ya siku ya ugomvi.

Shule: uji kwanza, hotuba baadaye

Sitasema mengi juu ya hotuba za shuleni. Hazidhuru, ila sijaona zikimzuia mtoto mwenye njaa.

Mtoto aliyeondoka nyumbani bila kula, akatembea kilomita nne kwenye baridi ya Juni, hana chakula cha mchana, akirudi saa kumi anapita kwenye nyumba ya komoni. Kikombe kile kinampa joto na shibe. Usimshindanishe na mahubiri, mshindanishe na uji. Wazazi wakichangia mahindi, maharage na kuni, uji wa saa nne na makande ya mchana vinawezekana, na mahudhurio yenyewe yatawaambia tofauti.

Baada ya masomo kunahitajika kitu mpaka jua lizame. Mpira, kwaya, bustani ya shule, ngoma, chochote chenye mtu mzima anayesimamia. Nchi ya Iceland ilifanya kazi hii kwa miaka ishirini: wazazi walitembea mitaani usiku kwa makundi, vijana wakapewa michezo na muziki, na wale wa miaka 15 na 16 waliokiri kulewa mwezi uliopita walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi asilimia 5 mwaka 2016. Wao wana fedha, sisi hatuna. Lakini wazazi kutembea kwa zamu ni bure, na mpira wa makaratasi ni bure.

Mwalimu akikuta mwanafunzi ananuka pombe, asimwite mbele ya namba. Amweke ofisini, ampe maji, amwulize swali moja tu: "Leo umeipata wapi?" Jibu hilo linakwenda kwenye daftari la ramani. Ukimfukuza shule, umempeleka kilabuni moja kwa moja, tena mchana kutwa.

Na vibarua. Likizo watoto wanapakia mbao, wanachuma chai, wanabeba nyanya Ilula. Kwenye kazi za kualikana shambani malipo ni pombe, na mtoto aliyelima naye anakaa kwenye duara. Mwenye shamba aandae uji au chai na viazi kwa wadogo, na anayemlipa kijana wa miaka 15 fedha ampe mchana, mzazi ajue kiasi, wala asimlipie nje ya kilabu jioni.

Ukikuta mtoto amelewa

Usimwache "alale itoke." Mwili mdogo hushuka sukari ya damu haraka akilewa, na anaweza kupoteza fahamu hata baada ya kuacha kunywa, maana iliyoko tumboni bado inaingia kwenye damu.

Akiwa macho, mketishe, mfunike asipate baridi, mpe maji kidogo kidogo, au chai ya sukari kama anaweza kumeza vizuri. Asilale peke yake. Usimtapishe, usimwogeshe maji ya baridi, usimnyweshe kahawa, maziwa wala mafuta. Hakuna hata kimoja kinachotoa pombe kwenye damu.

Akilegea, mlaze kwa ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeelekea chini kidogo ili matapishi yatoke. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya nane, au kukiwa na sekunde kumi bila pumzi, au midomo imebadilika rangi, ngozi ya baridi, haamki akifinywa, anatetemeka kwa degedege: kituo cha afya sasa hivi. Kwenye bodaboda akae katikati ya watu wawili, kichwa kisianguke nyuma. Chukueni chupa au dumu alilonywea, daktari atataka kuona.

Kama kuna uwezekano ni gongo, mpeleke hata akionekana mzima. Sumu ya methanoli huchelewa. Kesho yake ndipo anasema macho yanaona ukungu, tumbo linauma, anahema haraka. Hapo saa zinahesabika.

Mtoto anayetetemeka mikono asubuhi asipokunywa ameshakuwa mtegemezi. Msimkatishe ghafla nyumbani. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Aanze zahanati, apewe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina wataalamu wa afya ya akili. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ahusishwe hasa kama nyumbani kuna kipigo. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni kwa kesi ambazo mtu alimlewesha mtoto ili amfanyie ubaya. Hizo hazimalizwi kwa mbuzi wa faini.

Pimeni kila robo mwaka

Kijiji kina mkutano mkuu kila miezi mitatu. Peleka namba nne tu: madumu yaliyorudishwa vilabuni, utoro wa siku ya Jumatatu kwenye rejesta ya shule, watoto waliofikishwa zahanati wakiwa wamelewa, na vilabu vilivyovunja makubaliano. Zisomwe hadharani, dakika tano. Madumu yaliyorudishwa yakiwa mengi mwanzoni msiogope, maana yake wauzaji wanafanya kazi. Yakiwa sifuri ghafla katikati ya masika, nendeni mkatembee nyuma ya nyumba.

Limebaki swali ambalo huulizwa kila ninapoalikwa kijiji kingine, kwa sauti ya chini, mkutano ukishaisha: je, kama mwenye kilabu ni mwenyekiti mwenyewe, au mke wake? Msimshtaki mkutanoni siku ya kwanza, atazima kila kitu. Mpeni nafasi awe wa kwanza kutia sahihi kwa kilabu chake, mbele ya watu, na mmshukuru hadharani. Akivunja, daftari lina tarehe na saa. Linapanda kwa mtendaji wa kata, na nakala kwa afisa ustawi wa jamii. Nakala ya tatu ikae nyumbani kwa yule mama muuzaji wa kamati, ambako hakuna atakayefikiria kuitafuta.